Filamu za katuni za Biblia zenye ucheshi

Filamu za katuni za Biblia zenye ucheshi ni filamu za vikaragosi zinazosimulia upya habari za Biblia kwa kuongeza vichekesho, nyimbo na wahusika wa kubuni, ili familia nzima, hasa watoto, izitazame pamoja. Mifano inayojulikana ni mfululizo wa *Superbook* (1981, na toleo jipya tangu 2011), mfululizo wa *VeggieTales* (tangu 1993), *The Prince of Egypt* (1998) na *The Star* (2017).

Katika Afrika ya Mashariki filamu za aina hii hutazamwa majumbani, katika shule za Jumapili na kwenye mabanda ya video. Makala hii inaeleza asili ya ucheshi huo, historia ya filamu zenyewe, mambo zinayobadilisha katika habari za Biblia, na nafasi ya mzazi au mlezi anayetazama pamoja na watoto. Mazingira ya Nyalikungu, kata ya Wilaya ya Maswa katika mkoa wa Simiyu, Tanzania, yametumika kama mfano.

## Ucheshi ndani ya Biblia

Si kweli kwamba kicheko kililetwa na watengenezaji wa filamu. Biblia yenyewe ina matukio mengi ya kuchekesha:

- Sara anacheka anaposikia kwamba atazaa uzeeni (Mwanzo 18), na mtoto anaitwa Isaka, jina linalohusiana na neno la Kiebrania la kucheka.
- Balaamu, nabii wa kukodiwa, haoni malaika aliyesimama njiani, lakini punda wake anamwona na hatimaye anasema (Hesabu 22).
- Eliya anawadhihaki manabii wa Baali kwa kuwaambia kwamba labda mungu wao amesafiri au amelala (1 Wafalme 18).
- Hamani anapanga heshima kubwa akidhani ni yake, kisha analazimishwa kumpa Mordekai, mtu anayemchukia (Esta 6).
- Yona, aliyenusurika baharini, anakasirika hadi kutamani kufa kwa sababu mmea uliompa kivuli umenyauka (Yona 4).
- Yesu anazungumzia mtu mwenye boriti jichoni anayetaka kutoa kibanzi katika jicho la ndugu yake (Mathayo 7).

Katika mifano mingi kati ya hii kicheko humwangukia mwenye majivuno au mkaidi: nabii asiyeona kile anachoona punda, waziri anayejipenda, mhubiri anayejali mmea kuliko mji. Kwa hiyo swali muhimu kuhusu filamu ya aina hii si kama inachekesha, bali kicheko chake kinamwangukia nani. Kichekesho kinachofuata mkondo wa habari humsaidia mtoto kuielewa. Kichekesho kilichobandikwa pembeni huweza kumwachia mtoto kumbukumbu ya kichekesho tu, habari yenyewe ikapotea.

## Historia

### Filamu za dini na za mafunzo Afrika

Kuonyesha filamu vijijini kwa lengo la kufundisha kulianza mapema katika eneo hili. Kati ya 1935 na 1937 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulikuwa na makao yake Vugiri, katika Tanganyika, eneo ambalo leo liko mkoa wa Tanga. Ulisimamiwa na Baraza la Kimataifa la Misheni kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani, ukatengeneza filamu fupi 35. Filamu hizo zilizungushwa kwa lori katika nchi kadhaa za Afrika ya Mashariki na ya Kati, na maelezo yake yalitolewa kwa lugha za wenyeji.

Katika Kongo ya Wabelgiji mapadre Wakatoliki walitengeneza filamu za kuchekesha kwa ajili ya watazamaji Waafrika. Padre Alexandre Van den Heuvel alitengeneza filamu za katuni kuhusu Mboloko, swala mdogo mjanja, mhusika ambaye kwa ujanja wake anafanana na sungura wa hadithi za Kiswahili. Hazikuwa habari za Biblia, lakini zinaonyesha kwamba wamisionari walitambua mapema nguvu ya kicheko katika mafundisho.

Filamu ya kidini iliyoenea zaidi vijijini ni *Jesus* ya mwaka 1979, inayofuata Injili ya Luka. Imetafsiriwa katika lugha zaidi ya 1,000, Kiswahili kikiwemo. Hiyo ni filamu ya waigizaji, si katuni, na haina utani. Ndiyo maana watazamaji wengi wakubwa waliozoea filamu ya namna hiyo hushangaa wanapoona Goliathi akiwa tango.

### Filamu za katuni

*Superbook* ilianza kuonyeshwa Japani mwaka 1981. Ilitengenezwa na studio ya Tatsunoko kwa kushirikiana na shirika la utangazaji la Kikristo la Marekani, CBN. Watoto wawili na roboti hurudishwa nyuma hadi nyakati za Biblia, na vichekesho vingi hutoka kwa roboti huyo. Toleo jipya lilianza 2011 na limetiwa sauti katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwa mojawapo.

*VeggieTales* ilibuniwa na Phil Vischer na Mike Nawrocki nchini Marekani. Video ya kwanza ilitoka Desemba 1993. Wahusika wake ni mboga na matunda. Wakuu ni Bob, ambaye ni nyanya, na Larry, ambaye ni tango. Hawana mikono wala miguu, kwa kuwa kompyuta za wakati huo hazikumudu kwa urahisi kuchora viungo, nywele na mavazi. Udhaifu huo wa mitambo ukawa chanzo cha vichekesho. Vischer alijiwekea kanuni kwamba Yesu hataonyeshwa kama mboga. Filamu ya kwanza ya mfululizo huo katika kumbi za sinema ilikuwa ile ya Yona, mwaka 2002.

*The Prince of Egypt* ya studio ya DreamWorks ilitoka 1998, ikapata tuzo ya Oscar kwa wimbo wake mkuu. Ni filamu nzito kuliko nyingine. Ucheshi wake umewekwa hasa kwa makuhani wawili wa Farao, Hotep na Huy. *The Star* ya 2017 inasimulia kuzaliwa kwa Yesu kupitia macho ya wanyama, mhusika mkuu akiwa punda.

Afrika nayo imeingia katika kazi hii. Studio ya Sunrise ya Cape Town, Afrika Kusini, ilishiriki kutengeneza mfululizo mfupi wa *Young David* (2023) na filamu ya *David* (2025). Tanzania bado inajulikana zaidi kwa katuni za elimu: *Ubongo Kids*, iliyotengenezwa Dar es Salaam, ilianza kuonyeshwa na TBC1 mwaka 2014, ikafundisha hesabu na sayansi kwa hadithi, nyimbo na utani. Si filamu ya dini, lakini imeonyesha kwamba katuni inaweza kutungwa tangu mwanzo kwa Kiswahili, bila kusubiri kutafsiriwa.

## Mambo yanayobadilishwa

Kila usimulizi hupunguza na kuongeza. Filamu za familia hupunguza hasa mauaji na mambo ya ndoa, na huongeza wahusika wa kuchekesha. Baadhi ya mabadiliko ni haya:

- Daudi na Goliathi. Katika *VeggieTales* (1996) Goliathi ni tango kubwa la achari lenye glavu za ngumi. Anaangushwa kwa jiwe, lakini hakatwi kichwa kama ilivyo katika 1 Samweli 17.
- Daudi na Bathsheba. Katika video ya mwaka 2000 mfalme anatamani bata wa mpira wa mtu mwingine. Habari ya 2 Samweli 11–12, yenye uzinzi na mauaji ya Uria, imegeuzwa kuwa somo la uchoyo. Hata hivyo mfano wa nabii Nathani kuhusu tajiri na maskini umebaki karibu na asili.
- Yeriko. Walinzi wa ukuta ni njegere wanaowarushia Waisraeli vinywaji vya barafu. Kitabu cha Yoshua hakina jambo hilo, na maangamizi ya mji hayaonyeshwi.
- Yona. Watu wa Ninawi wanapigana makofi kwa samaki. Mdudu aliyetafuna mmea wa Yona amekuwa mhusika mwenye jina na maneno. Lakini filamu inamwacha Yona akiwa bado amenuna, na kitabu nacho huishia kwa swali lisilojibiwa.
- Musa. Katika *The Prince of Egypt* anayemwokota mtoto ni mke wa Farao. Katika Kutoka 2 ni binti wa Farao. Farao anaitwa Ramesesi na analelewa pamoja na Musa kama ndugu, mambo ambayo Kutoka haisemi. Mmisri anakufa kwa ajali wakati Musa anapomzuia. Katika Biblia Musa anatazama huku na huku, anamuua na kumficha mchangani.
- Kuzaliwa kwa Yesu. Punda ndiye mhusika mkuu wa *The Star*, lakini Injili ya Luka haimtaji punda katika safari ya Bethlehemu.

Mfano wa Yona unaonyesha pia kwamba si kila kitu kinachodhaniwa kuwa kosa la filamu ni kosa. Kitabu cha Yona husema "samaki mkubwa", na watu hulaumu katuni kwa kuchora nyangumi. Lakini tafsiri ya Kiswahili ya Union Version hutumia neno nyangumi katika Mathayo 12:40, ambapo Yesu anamtaja Yona. Aliyeisoma hiyo tu atakuwa na nyangumi kichwani hata bila filamu.

## Nyalikungu na mkoa wa Simiyu

Nyalikungu ni sehemu ya mji wa Maswa, katika barabara itokayo Shinyanga kwenda Bariadi. Mkoa wa Simiyu uliundwa 2012, hasa kwa kuugawa mkoa wa Shinyanga. Makao yake makuu ni Bariadi. Wakazi wengi ni Wasukuma, na kazi kubwa ni ufugaji na kilimo cha pamba na nafaka.

Ukristo uliingia mapema katika eneo hili. Kituo cha misheni cha Nassa, kando ya Ziwa Viktoria, leo katika Wilaya ya Busega, kilianzishwa na Waanglikana wa CMS mwaka 1888 na kuchukuliwa na Africa Inland Mission mwaka 1909. Kanisa la AIC, Kanisa Katoliki na Wasabato wana waumini wengi, pamoja na Wapentekoste. Waislamu pia wapo, hasa mijini, na wafuasi wa dini ya jadi.

Televisheni ilichelewa kufika. Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hadi 1994. Katika miji midogo watu walianza kuona filamu kwa kanda za video, kisha diski, na sasa kwa simu, flashi na kadi za kumbukumbu. Mahali ambapo umeme wa gridi haujafika, sola na betri huwezesha televisheni ndogo kuwaka kwa saa chache jioni. Runinga ya nyumba moja mara nyingi huwa ya majirani pia: watoto wa nyumba za karibu huketi kwenye mkeka mbele, wakubwa nyuma kwenye viti. Kwa hiyo "kutazama kifamilia" hapa huweza kuwa na maana pana kuliko baba, mama na watoto wao.

Kabla ya runinga, mafunzo ya jioni kwa Wasukuma yalikuwa na mahali pake. Wanaume na vijana waliketi kuzunguka moto uitwao *shikome*, na wazee wakasimulia, wakauliza na kuonya. Wanawake na watoto walikuwa na hadithi na vitendawili jikoni. Utani kati ya babu au bibi na mjukuu uliruhusu mzee kumcheka mtoto bila kumvunjia heshima, na mtoto kujibu. Mafunzo kwa kicheko, basi, si jambo geni. Kilicho kigeni ni msimulizi asiyeweza kuulizwa swali.

## Lugha na msimulizi

Tatizo la kwanza la filamu hizi ni lugha. Nyingi zimetengenezwa kwa Kiingereza. Katika nyumba moja bibi anaweza kuwa anazungumza Kisukuma zaidi, wazazi Kiswahili, na mwanafunzi wa sekondari ndiye pekee anayefuata Kiingereza kidogo. Matokeo yake mtoto anakuwa mkalimani wa wazee wake katika habari ambazo wao wanazijua vizuri kuliko yeye. Ucheshi wa maneno hupotea kabisa, na kinachobaki ni ule wa macho: kuanguka, kupigwa, sura za ajabu.

Tatizo la pili ni vitu vyenyewe. Nyanya na tango vinajulikana Nyalikungu kama Marekani. Vinywaji vya barafu na sungura wa chokoleti, ambaye katika video moja anachukua nafasi ya sanamu ya Nebukadreza (Danieli 3), havina maana hiyo kwa mtoto wa Maswa. Sungura wa chokoleti ni pipi ya Pasaka ya nchi za Magharibi. Asiyejua hilo haoni kwa nini kumsujudia ni kichekesho.

Afrika ya Mashariki imekuwa na jibu lake kwa matatizo haya, yaani mtafsiri wa filamu. Nchini Tanzania Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, alijulikana kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Kenya ina DJ Afro, na Uganda ina watafsiri waitwao *veejay*, kama VJ Jingo. Wasimulizi hawa hawatafsiri neno kwa neno. Hueleza, huongeza methali, huwapa wahusika majina ya karibu na kuweka utani unaoeleweka na watazamaji wao. Mzazi anayekaa na watoto mbele ya katuni ya Yona na kusema kwa lugha ya nyumbani kinachotokea anafanya kazi hiyohiyo.

## Hoja za kuunga mkono na za kupinga

Wanaoziunga mkono filamu hizi husema kwamba:

- mtoto hukumbuka kwa muda mrefu habari aliyoifurahia;
- watoto wadogo huingizwa katika habari ngumu bila kutishwa na damu;
- wazazi na watoto hupata jambo moja la kuzungumza, hata kama mzazi hajui kusoma vizuri;
- watakatifu huonekana kuwa binadamu wenye woga, hasira na makosa, kama Biblia yenyewe inavyowaeleza.

Wanaozipinga husema kwamba:

- vitu vitakatifu huzoeleka kuchekwa, na mtoto hawezi kutenganisha mzaha na heshima;
- nyongeza za filamu huaminiwa kuwa Maandiko;
- habari nzito hugeuzwa kuwa mawaidha mepesi, kama vile "usiwe mchoyo", na suala la haki na toba hufichwa;
- wahusika huchorwa kwa sura na desturi za Magharibi, ilhali habari zenyewe ni za Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini.

Hoja hizi mbili hazipingani kila mahali. Habari inayokumbukwa kwa muda mrefu ndiyo pia ambayo makosa yake hukumbukwa kwa muda mrefu.

### Mtazamo wa Kiislamu

Musa, Daudi na Yunus (Yona) ni manabii katika Uislamu pia, na Waislamu wengi hawakubali manabii kuchorwa wala kuigizwa, sembuse kuchekwa. Kwa sababu hiyo *The Prince of Egypt* ilipigwa marufuku katika nchi kadhaa, zikiwemo Malaysia na Maldivi. Jambo hili lina uzito katika miji ambako watoto wa dini mbili hutazama runinga moja. Mwenye nyumba anayewakaribisha watoto wa jirani hufanya vizuri kuwaambia wazazi wao kitakachoonyeshwa. Tofauti za usimulizi nazo zinaweza kufundisha: katika Kurani ni mke wa Farao anayeomba mtoto Musa asiuawe (sura ya 28), na hapo filamu imekaribia Kurani kuliko Kutoka.

## Kutazama nyumbani

Walimu na walezi wanaotumia filamu katika mafunzo hufuata kwa kawaida hatua hizi:

1. Kusoma au kusimulia kwanza. Habari ikisomwa kabla, mtoto mwenyewe hugundua kilichoongezwa. Yona ina sura 4 tu na inamalizika kwa muda mfupi.
2. Mkubwa kuitazama kabla. *The Prince of Egypt* ina vifo vya watoto wa kwanza na watoto wachanga wanaotupwa mtoni. Haifai kwa watoto wadogo sana.
3. Kusimamisha filamu. Simu na vifaa vya diski vina kitufe cha kusimamisha. Dakika moja ya maelezo katikati huzuia kutoelewana kwa muda mrefu.
4. Kuuliza baadaye. Maswali matatu yanatosha: Nini kilichekesha? Tulimcheka nani? Je, jambo hilo limo katika Biblia?
5. Kusimulia upya. Mtoto akiombwa kumsimulia bibi au babu kwa Kisukuma, ataonyesha kama ameshika habari au ameshika kichekesho tu. Na mzee hupata nafasi ya kusahihisha.

Hatua ya mwisho ina faida nyingine. Inamrudisha mzee katika kazi yake ya kufundisha. Mtoto ambaye ameona Goliathi wa tango na anamsikia babu yake akieleza kilichotokea bondeni Ela amepata vyote viwili. Mtoto aliyeachwa peke yake na simu amepata tango.

## Sheria

Nchini Tanzania uonyeshaji wa filamu kwa umma, pamoja na mabanda ya video, unasimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Kunakili na kuuza filamu bila ruhusa kunakatazwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Kutazama nyumbani na watoto si maonyesho ya umma, lakini kutoza kiingilio hubadilisha hali hiyo.

## Tazama pia

- Kitabu cha Yona
- Wasukuma
- Ubongo Kids
- Mkoa wa Simiyu
- Utani